Pikipiki ya Mzee Mshamu na Ukaidi Wake wa Asubuhi

Alhamisi, tarehe kumi na saba ya Mfungo Nne, mke wangu Mwanahawa binti Mshamu alifariki. Tulimzika siku ile ile kabla ya alasiri. Sina mengi ya kusema juu ya hilo. Waliokuja kunipa pole walinikuta nimekaa barazani kimya, wakadhani majonzi yameniziba kinywa. Kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa nikiikumbuka pikipiki ya baba yake, na niliogopa kufumbua kinywa nisije nikacheka mbele ya watu wa msiba.

Sasa arobaini imepita. Nawaandikia nyinyi vijana mnaopakia abiria kati ya Kilindoni na Utende, hapa Mafia, na nyinyi wengine mnaozifungua na kuzifunga hizo pikipiki zao. Nilianza ufundi enzi ya Mwingereza nikaufanya mpaka macho yaliponikataza. Shule nilisoma kidogo tu, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe.

Nataka kusema habari za shokapu za mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu na kubonyea ukipita shimoni. Ndani ya kila mguu kuna springi na kuna mafuta. Springi peke yake ni mtoto wa siku ya Idi. Mafuta ndiye mama anayemshika mkono akamwambia, mwanangu, taratibu. Basi. Elimu yote ya shokapu ni hiyo, na bado kila siku naletewa habari za pikipiki iliyokwenda kwa fundi nzima ikatoka mgonjwa.

Aliyenifundisha kazi, Fundi Kombo wa gereji ya Kilindoni, alikuwa na neno lake: "Ugonjwa uliokuja baada ya dawa, ihoji dawa." Maana yake, pikipiki ikianza kusumbua mara tu ilipotoka matengenezoni, usikimbilie kutafuta ugonjwa mpya. Uliza mkono wa mwisho uligusa nini. Fundi Kombo alikuwa mfupi, mpole, na alikuwa akifanya kazi boliti zote kaziweka mdomoni. Akikasirika ilimbidi kwanza azitoe, moja moja, azipange juu ya gunia. Kwa hiyo tulipata muda wa kutosha wa kukimbia.

Mkono wa mwisho unagusa mengi. Kwa mfano, mnarudisha gurudumu la mbele mnakaza kila kitu hapo hapo, kisha mnashangaa shokapu zinabana. Acheni ile boliti ya chini inayobana ekseli ikiwa imelegea. Panda juu, shika breki ya mbele, ibonyeze pikipiki kwa uzito wako, chini juu, chini juu, miguu ijipange yenyewe. Ndipo ukaze. Ukikaza kabla, ile miguu miwili inabanana kama mashemeji waliolazwa kitanda kimoja: hakuna anayegeuka.

Au sili, ile pete ya mpira inayozuia mafuta yasivuje. Sili ina mdomo, na mdomo unatazama kule yaliko mafuta. Siku moja Mwingereza mmoja wa bomani alichukua pikipiki yake kutoka kwetu, soksi nyeupe zimemfika magotini. Alirudi kabla hatujanawa mikono. Soksi moja nyeupe, ya pili nyeusi kama chungu. Sili ilikuwa imewekwa juu chini, na aliyeiweka alikuwa Fundi Kombo mwenyewe. Akazitoa boliti mdomoni moja moja, akazipanga, sisi tumekwisha kusimama tayari kukimbia. Akasema, "Mdomo unaelekea kwenye chakula. Leo mimi nimekula kwa kisogo." Akaenda kumfulia yule bwana soksi.

Lakini hayo ni madogo. Nataka kuwaambia ya Mzee Mshamu.

Mzee Mshamu alikuwa na minazi mingi upande wa Kirongwe. Upande wa baba yake walikuwa na asili ya Omani, na alikuwa na ndevu ambazo watu walizisalimia kabla ya kumsalimia yeye. Pikipiki aliinunua kwa Mwingereza aliyekuwa akirudi kwao, pikipiki nzito, nyeusi, na Kirongwe nzima hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Mimi wakati huo nilikuwa nimemposa binti yake. Wazee wangu walikwenda, neno likapokelewa, Ijumaa ya ndoa ikapangwa. Mwanahawa nilikuwa sijamwona uso wala sijasikia sauti yake, maana kwetu binti akishaposwa anawekwa ndani, na mchumba haonekani karibu na nyumba ile.

Basi ulikuwa wakati wa kipupwe, asubuhi na baridi yake. Mzee akaileta pikipiki, sili za mbele zinavuja. Tukazitoa, tukaweka mpya, mdomo kwenye chakula. Yakabaki mafuta ya kujaza, na mafuta hatuna. Meli ilikuwa imechelewa.

"Mzee, ngoja meli," akasema Fundi Kombo.

"Ningoje meli kwa mafuta?" Mzee Mshamu akacheka. "Mafuta yaliyo Kirongwe, meli hiyo ikiyabeba itazama."

Akatuma, likaja dumu la mafuta ya nazi, ya nazi zake mwenyewe, meupe, safi, yananukia. Nawaomba msicheke mapema. Mafuta ya nazi Mafia yalikuwa ni kila kitu. Tulipikia, tulijipaka, tulikandia magoti ya wazee, tulilainishia bawaba za milango na cherehani. Mzee Mshamu hasa aliyaamini yake kama mtu anavyomwamini mwanawe. Fundi Kombo akalichungulia dumu, akalinusa, akachovya kidole. Mafuta mepesi, yanateleza. Akatikisa kichwa kukubali. Tukajaza. Ilikuwa mchana, jua kali. Mzee akaipanda, akaibonyeza, ikashuka ikapanda kama godoro la sufi. Akaenda zake anaimba.

Kesho yake lori la mbata likaingia Kilindoni. Juu ya magunia imelala pikipiki. Mbele, kando ya dereva Salehe, ameketi Mzee Mshamu na kilemba kimejaa mchanga.

"Shikamoo, baba," nikamwambia.

"Marahaba. Bakari, umenitilia chuma ndani ya miguu ya pikipiki."

Ilikuwa imembwaga. Alitoka Kirongwe baada ya sala ya alfajiri, akafika penye mizizi ya miembe inayokatisha njia, shokapu zikakataa kubonyea. Yeye akaendelea na safari peke yake, pikipiki ikabaki.

Tukaishusha. Fundi Kombo akaibonyeza kwa mikono miwili. Ikashuka, ikapanda. Godoro.

"Jamani!" akasema Mzee. "Asubuhi ilikuwa mchi!"

"Labda ilikuogopa, Mzee, ikakaza mwili," akasema Salehe. Salehe alikuwa mtu wa maneno, na lori lake lilifika kila kijiji kabla ya jua kuchwa.

Tulifanya kila linalofanywa. Nililegeza ile boliti ya ekseli, nikaibonyeza, nikakaza upya. Tulizichomoa zile bomba za shokapu tukazibiringisha juu ya kioo, maana bomba iliyopinda ukiibiringisha juu ya kioo inaruka kidogo na mwanga unapenya chini yake. Zilikuwa zimenyooka. Tukadhani mafuta yamezidi, maana yakizidi hewa inakosa nafasi na shokapu inagota. Tukafungua boliti ndogo ya chini, ya kumwagia, mafuta yakatoka meupe kama maji ya kisima. Tukayapunguza. Mzee akaondoka nayo mchana, raha mustarehe.

Asubuhi iliyofuata ikambwaga pale pale.

Akaja tena na lori la mbata. Tukaibonyeza tena. Godoro tena. Hakuna kitu kibaya kwa fundi kama ugonjwa unaopona njiani. Unamtazama mwenye chombo, naye anakutazama, na kila mmoja anadhani mwenzake ana wazimu. Watu wakaanza kusema pale penye mizizi pana mwenyewe, shetani wa njia. Mmoja akashauri ubani. Fundi Kombo akazitoa boliti mdomoni, akasema, "Ubani unatiwa wapi, kwenye springi?"

Mara ya tatu Mzee Mshamu hakuja na hasira. Alikuja ametulia, na hilo liliniogopesha zaidi. Watu walikuwa wamejaa mlangoni mwa gereji, maana siku hizo lori la Salehe likiingia kila mtu alitoka kutazama kama mzigo upo.

"Bakari," akaniambia. "Watu wananicheka. Wanasema mkwe ananiua ili arithi minazi. Mimi sisemi hivyo. Mimi nasema hivi: Ijumaa ya ndoa nitakuja mwenyewe, alfajiri, na pikipiki hii. Nitakupakia nyuma tukaozeshe Kirongwe. Ikitufikisha, umepata mke. Ikinibwaga kabla sijafika kwako, au ikitubwaga sote wawili, narudi nyumbani na neno la posa narudi nalo. Mtu asiyeweza kuniambia pikipiki yangu inaumwa nini, atamwambia nini binti yangu?"

Hakuna aliyecheka. Hata Salehe.

Wiki ile meli ikafika na mafuta yetu. Lakini mimi sikuwa nafikiri mafuta. Nilikuwa nafikiri kwamba ugonjwa wa asubuhi lazima uonwe asubuhi, na sisi Kilindoni tunaletewa jua likiwa limekwisha panda. Nikamwambia Fundi Kombo nakwenda Kirongwe.

"Nyumbani kwa mchumba?" akauliza. "Kabla ya ndoa? Watakutoa mbio na mwiko."

"Siendi kama mchumba. Nakwenda kama fundi."

"Mwiko haujui tofauti," akasema, lakini akanipa spana zake nzuri na kopo la mafuta mapya, kama tutamwaga kidogo tupate ya kujazia.

Nikapanda lori la Salehe, nikalala barazani msikitini Kirongwe, na baada ya sala ya alfajiri nikafuatana na Mzee Mshamu nyumbani kwake. Pikipiki ilikuwa uani, karibu na jiko, imeloa umande. Mama mkwe aliponiona alijifunika kanga akapotelea ndani. Akabaki nyanya yake Mwanahawa, Bibi Mize, ambaye umri ulikuwa umemwondolea aibu zote.

"Bwana harusi," akaniambia, "geuza uso ukutani. Mwali yuko nyuma ya mlango huu, na mlango wenyewe una tundu."

"Nimekuja kutazama pikipiki, Bibi."

"Wote husema hivyo."

Nikaibonyeza. Haikwenda. Niliweka tumbo juu ya usukani, nikaweka uzito wangu wote. Mchi. Wallahi nilifurahi kama aliyeokota dhahabu. Mwishowe nimekutana nao, huu ugonjwa, uso kwa uso!

"Umeona?" akasema Mzee Mshamu. "Umeona sasa kwamba mimi si mwongo?"

"Nimeona, baba."

Nikapiga magoti, nikafungua ile boliti ndogo ya chini ya mguu wa kulia. Hakikutoka kitu. Hata tone. Nikafungua wa kushoto. Hakuna. Mafuta niliyoyajaza kwa mkono wangu, miguu haivuji, na ndani hamna mafuta. Nikakaa kitako mchangani. Nikawaza labda wale wa ubani walikuwa na lao.

Hapo ndipo niliposikia sauti kutoka nyuma ya mlango, sauti ya msichana aliyeudhika.

"Bibi! Chupa yangu imeganda tena! Somo amekuja kunisuka, nimpe nini, jiwe?"

"Itie kwenye majivu ya moto, mwanangu," Bibi Mize akajibu. "Baridi hii, mafuta ya nazi gani yasiyoganda?"

Nimeishi miaka mingi na sijapata tena kusikia neno likaniingia mwilini vile. Kila nyumba ya Mafia ina chupa hiyo. Kila mtu, tangu mtoto, anajua asubuhi ya kipupwe mafuta ya nazi yanaganda, na jua likipanda yanayeyuka. Mimi nilijua. Fundi Kombo alijua. Mzee Mshamu aliyekamua mafuta hayo tangu hajaota ndevu alijua. Lakini tulijua habari za chupa. Hakuna aliyefikiri kwamba chuma nacho ni chupa.

Nikaokota kijiti nikakichomeka kwenye lile tundu la boliti, nikakitoa. Kilikuwa kimevaa kitu cheupe, kinene, kama samli. Nikaanza kucheka. Nilijaribu kujizuia, nikashindwa.

"Ni nini hicho?" Mzee Mshamu akauliza.

Nikampa kijiti. Akakitazama. Akakinusa. Harufu ile alikuwa anaijua kuliko jina lake.

"Ya nani haya?" akauliza polepole.

"Yako, baba. Yameganda kwa baridi. Ukifika kwetu jua limekwisha yayeyusha."

Bibi Mize akasogea, akachungulia kijiti. "Mshamu," akasema, "pikipiki nayo ni mwali? Umeipaka mafuta, utaisuka lini?"

Nyuma ya mlango kukapasuka kicheko. Si kile cha kujificha kwenye kanga. Kicheko cha mtu aliyekaa chini kwa kukosa nguvu, anapiga sakafu kwa kiganja. Somo wake, yule mama anayemfunda, anamwambia nyamaza, nyamaza, mchumba wako yuko nje, naye ndiyo kwanza anazidi. Ndivyo nilivyomjua Mwanahawa.

Mzee Mshamu hakucheka. Aliweka kijiti juu ya kiti cha pikipiki, taratibu, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nikaomba maji ya moto. Bibi Mize akaniletea birika, nikamimina juu ya miguu ya pikipiki mpaka mafuta yakaanza kutiririka. Nikayatoa yote, nikasuuza kwa mafuta mapya kidogo, nikamwaga, nikajaza yaliyo sawa kwa kipimo sawa miguu yote miwili. Nikabonyeza, nikakaza. Muda wote Bibi Mize amechuchumaa kando yangu.

"Ungesema ni kutu," akaninong'oneza. "Kutu haina mwenyewe."

"Haikuwa kutu, Bibi."

"Najua haikuwa kutu, mjinga wewe. Nasema ungesema."

"Aliniuliza ya nani."

Akanitazama sana. "Basi umekwisha," akasema. "Mkwe mkweli! Tutakufanya nini?"

Mzee hakutoka. Nikauaga mlango, nikaondoka.

Ijumaa nilivaa joho la kuazima nikasimama mbele ya gereji tangu alfajiri. Habari ilikuwa imekwisha fika, Salehe ni Salehe, na Kilindoni nzima ilikuwa inamwiga Mzee Mshamu akiisuka pikipiki nywele. Kila waliponiigizia nilizidi kuitazama njia ya Kirongwe. Mwanamume mwenye ndevu zile, anayechekwa na mji mzima kwa sababu yangu, aje kunipakia?

"Hatakuja," nikamwambia Fundi Kombo.

Fundi Kombo alikuwa amevaa kanzu mpya, na mdomoni alikuwa na karafuu kwa kukosa boliti. "Kama haji, haji," akasema. "Lakini hataanguka."

Kukasikika mlio. Watu wakageukia njia. Mzee Mshamu akatokea kati ya minazi, ndevu zimepeperuka, kilemba safi. Akasimama mbele yangu. Hakunisalimia, wala hakumtazama mtu.

"Panda."

Nikapanda. Sasa fikirini. Mkwe kwetu ni mtu wa kuinamishiwa macho, hata kiatu chake hukikanyagi, na pikipiki ile nyuma haikuwa na mahali pengine pa kushika isipokuwa tumbo lake. Nikanyoosha mikono, nikairudisha, nikainyoosha tena.

"Shika," akasema. "Lakini usinitekenye."

Tukaondoka. Kulikuwa na baridi mpaka vidole vyangu viliuma. Nilikuwa namsikiliza yule wa mbele, shokapu, jinsi anavyoshuka na kupanda, na nilikuwa nasoma kila dua niliyoijua. Tukafika penye mizizi. Nilidhani atapunguza mwendo. Akaongeza.

Gurudumu likapanda mzizi wa kwanza, mbele ikazama, ikainuka, ikatulia. Wa pili. Wa tatu. Kama mtu anashuka ngazi za nyumbani kwake.

Mzee Mshamu akasimamisha pikipiki. Akageuza. Nikajua basi, ananirudisha. Akapita tena juu ya mizizi ile ile, kwa kasi zaidi. Akageuza tena. Akapita tena. Nikahisi tumbo lake linatikisika mikononi mwangu, na sikujua ni mtikisiko wa nini mpaka kicheko kilipomtoka, "Mafuta ya nywele!" Akageuza tena. "Mafuta ya nywele, Bakari! Mimi! Mshamu!"

"Baba, shehe anangoja."

"Angoje! Mara moja tu!"

Haikuwa mara moja. Tulipoingia Kirongwe mimi nilikuwa rangi ya njia, joho la watu limejaa vumbi, na watu wote wamesimama nje kwa kuchelewa kwetu. Mzee akashuka, akainua mkono.

"Mliyosikia ni kweli," akasema. "Nazi zangu, mafuta yangu, kichwa changu. Wote mlinyamaza mkanicheka nyuma ya migongo, au mkaniambia shetani. Huyu aliniambia usoni. Mpeni maji anawe, aoe."

Nikanawa, nikaozwa. Maneno ya kukubali niliyachanganya, shehe akanirudisha mara mbili. Kisha wakanichukua ndani kumpa mkono bibi harusi, maana ndiyo ada, mume anaweka mkono wa kulia juu ya paji la uso la mkewe anasoma dua. Alikuwa ameketi kitandani, amefunikwa, ameinamisha kichwa kama inavyotakiwa, na somo wake kakaa kando anambana mkono asithubutu. Nikaweka kiganja. Nikaanza dua. Chini ya kiganja changu kichwa kikaanza kutikisika, kwanza kidogo, kisha mabega yote, somo anamfinya, naye anazidi. Nikarudia dua tangu mwanzo. Nikaishia katikati, nami nikacheka.